Nilidhani nakabwa na jinamizi kumbe koo ndo linajifunga: miezi 14 na mashine ya kupumulia, ndani ya lori

Mshuka Kitonga #1

Wakuu salaam. Niko Tunduma foleni siku ya tatu leo, bando ninalo na muda ninao, ngoja nilipe deni la huu uzi maana kule kwenye uzi wa madereva nimeahidi mpaka watu wameanza kuniita tapeli.

Mimi ni dereva wa semi, mwaka wa 17 barabarani, Dar Tunduma ndo kwetu na nikivuka naenda mpaka Kasumbalesa. Umri 46, mwili ninao, kitambi cha chipsi za njiani ninacho sikatai.

Kwa miaka kama minne hivi nilikuwa nashtuka usiku kama kuna mtu kanikalia kifuani na kanishika koo, moyo unakimbia, jasho linatoka, nahema kama nimetoka kukimbizwa na tembo wa Mikumi, alafu nalala tena, alafu tena. Mama akasema hilo ni jinamizi. Shangazi akaenda mbali zaidi akasema kuna mtu kanitupia kitu kwasababu nimepewa gari jipya kazini. Nikasomewa, nikaoga maji ya chumvi ya mawe, nikalala na kisu chini ya mto mwezi mzima mpaka kisu kikashika kutu na jinamizi liko palepale.

Dalili zingine ambazo sikuziunganisha kabisa: asubuhi naamka kichwa kinauma na mdomo mkavu kama nimelamba simenti. Usiku naenda kukojoa mara tano, nikapima sukari hamna, nikapima tezi dume hamna. Presha napewa vidonge vya aina tatu na haishuki. Mke wangu alishahamia chumba cha watoto, sababu kukoroma.

Sasa siku hiyo Mikumi mchana saa tisa, mnajua ile barabara ya ndani ya hifadhi ina matuta. Mimi nililala. Sio kusinzia jamani, kulala, macho yalikuwa wazi nadhani. Tuta ndo liliniamsha, na nilipoamka mkono wa utingo wangu ulikuwa kwenye usukani. Tulikuwa mzigo tani 28. Tulisimama pembeni hatukuongea kama nusu saa.

Tukalala Makambako. Yule dogo hakulala, akanirekodi kwa simu. Asubuhi akanipa nitazame. Nakoroma, nakoroma, kimya. Kifua kinapanda na kushuka kama mtu anayevuta lakini hewa haiingii. Dogo anahesabu kwa sauti ndogo, akafika 38, ndo nikafyatuka na mlio kama pampu ya maji iliyoshika hewa. Anasema alikuwa ameshaanza kufikiria atamwambia nini mama watoto.

Wakuu ile video ndo ilinitibu. Nilizunguka vituo vya afya miaka minne naandikiwa dawa za presha na vitamini, siku nimefika kwa daktari wa pua masikio na koo nikamwekea simu mezani, dakika mbili tu akasema hii sio jinamizi hii ni apnia ya usingizi, yani pumzi inakatika ukiwa umelala. Akachukua futi ile ya fundi cherehani akanipima shingo, sentimita 44. Kwa mwanaume ikizidi 40 wanaanza kukuangalia kwa jicho lingine.

Nikapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani, mkanda kifuani, kijibomba puani, kibanio kwenye kidole. Majibu: AHI 52. Hiyo AHI ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au inapungua kwa angalau sekunde 10. Chini ya 5 uko salama, 5 mpaka 15 ndogo, 15 mpaka 30 ya kati, 30 kwenda mbele ni kali. Yani mimi kila baada ya dakika moja na kidogo nakabwa, usiku mzima, na oksijeni kwenye damu ilishuka mpaka asilimia 68. Ubongo unakuamsha kila mara ili usife, wewe hata hukumbuki, asubuhi unasema umelala masaa nane.

Ngoja gari la mbele limesogea. Narudi na habari ya mashine.

Pweza Mkavu #2

Siti ya mbele kabisa, nimekuja na karanga.

Kijana wa Tandale #3

Hii chai mkuu ina tangawizi. Tani 28 ukalala na tuta likakuamsha? 😂

Mama Wawili #4

@Kijana wa Tandale sio chai, mume wangu yuko hivyohivyo ila yeye anasinzia kanisani, kwenye foleni ya benki, hata akiwa anakula. Nilikuwa namuona mvivu. Kaka Mshuka Kitonga endelea tafadhali, na hiyo mashine bei gani?

Mshuka Kitonga #5

Gari mbili tu zimeingia, nimerudi.

@Mama Wawili bei njoo PM.

Mashine yenyewe jina lake ni CPAP, wagonjwa tunaiita sipapu. Ni kiboksi kidogo kama redio ya mezani, kina feni ndani, kinavuta hewa ya humuhumu chumbani na kuisukuma kwa presha kupitia mpira mpaka kwenye maski usoni. Ile hewa ndo inashikilia koo lisifunge. Fikiria mpira wa maji wa bustanini ule mlaini, maji yakiwa yanapita kwa nguvu haujikunji, ukifunga bomba unalala chapati. Koo letu ndo hilo, misuli ikilegea usingizini linalala chapati.

Usiku wa kwanza nilikaa nayo dakika 40 nikaivua nikaitupa. Nilihisi natoa kichwa nje ya dirisha la gari liko spidi 80. Usiku wa pili saa moja na nusu. Wa tatu sikuivaa, nikamwambia mke wangu bora nife nikiwa nakoroma.

Hapa ndo naomba msikilize maana watu wengi wanaishia hapa, wanaiweka chini ya kitanda wanasema mashine haifai. Mimi shida haikuwa mashine, ilikuwa maski. Nilipewa ile kubwa inayofunika pua na mdomo, saizi haikuwa yangu, ikawa inavuja hewa inanipiga machoni, mimi nakaza mikanda, inavuja zaidi, nakaza zaidi, asubuhi nina kidonda juu ya pua kama nimepigwa ngumi. Kumbe ukikaza sana ile silikoni inajikunja na kuvuja zaidi. Unatakiwa uvae ukiwa umelala, mashine imewashwa, alafu ulegeze mpaka ianze kuvuja kidogo ndo ukaze kidogo hapo. Nilipolegeza tu nusu ya matatizo iliondoka. Baadae nikabadilisha nikachukua ile ndogo ya vijipira viwili vinavyokaa kwenye matundu ya pua, hiyo ndo mpaka leo.

Shida ya pili tumbo. Nilikuwa nameza hewa usiku, naamka tumbo ngoma, nacheua mpaka utingo anafungua kioo. Daktari akapunguza presha ya mashine, mwanzo ilikuwa imewekwa namba moja tu muda wote, akaiweka kwenye ile ya kujirekebisha yenyewe kati ya 7 na 13. Mashine hizi zinaweza kwenda kuanzia 4 mpaka 20 lakini usijichezee, mwache daktari.

Shida ya tatu kichwa changu mwenyewe, woga wa kufungwa uso. Dawa yake niliambiwa nivae mchana nikiwa macho. Basi nikawa navaa nikiangalia mpira sebuleni, dakika 90 na za nyongeza, watoto wananicheka baba rubani. Ubongo ukazoea kuwa hiki kitu hakiui.

Usiku wa 11 nililala masaa sita. Sikuamka kukojoa. Niliamka asubuhi nikashangaa kwanini kuna mwanga. Sitaki kuwadanganya kwamba siku hiyohiyo nikawa kijana, hapana, uchovu uliisha taratibu kama miezi miwili, lakini mikojo ya usiku iliisha wiki ileile na kichwa cha asubuhi kikaisha. Presha imeshuka, saivi nipo kwenye vidonge viwili, dozi ndogo.

Kijana wa Tandale #6

Sasa oksijeni unajaza wapi? Au mtungi kama wa gesi ya kupikia? Na umeme ukikatika si ndo unakufa na maski usoni?

Nesi wa Zamu #7

Nimeingia sababu ya hilo swali la #6, na sio swali la kijinga, hata wodini ndugu wanaliuliza.

Sipapu haitoi oksijeni. Hakuna mtungi. Ni hewa ileile unayovuta wewe hapo ulipo, tofauti ni kwamba inaingia kwa msukumo. Mashine inayotengeneza oksijeni ni nyingine kabisa na kwa ugonjwa huu peke yake sio tiba, maana ukimpa mtu oksijeni na koo limefunga bado imefungwa mlangoni.

Umeme ukikatika hufi. Maski zote zina vitundu vya kutolea hewa uliyopumua, na zile za pua na mdomo zina kidude kinachofunguka chenyewe presha ikiisha ili uvute hewa ya nje. Za pua unafungua tu mdomo. Kitakachotokea utaanza kukoroma kama zamani na pengine utaamka ukiwa umekereka.

Niongezee mengine mawili. Kuna apnia ya koo kufunga, ndo hii ya mleta uzi na ndo ya wengi, na kuna nyingine ambayo koo liko wazi ila ubongo ndo unasahau kutuma amri ya kupumua, hii huwa tunaiona kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo na waliopata kiharusi. Matibabu yake hayafanani ndo maana nasema upimwe, usinunue mashine kwa kusikia. Na la pili, jamani pombe na vidonge vya usingizi. Mtu halali vizuri anameza vidonge vya usingizi, misuli ya koo inalegea zaidi, pumzi inakatika muda mrefu zaidi. Nimeona.

Simba Mzee wa Singida #8

Hizo ni mbwembwe za wazungu. Kwetu mtu akikoroma anakatwa kimeo biashara imeisha. Mimi nilikatwa nikiwa mdogo na sijawahi kuvaa mpira puani.

Nesi wa Zamu #9

Mzee wangu shikamoo. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia, koo linapofunga linafunga kwa ulimi kurudi nyuma na kuta za pembeni kulegea, kimeo hata ukikitoa njia bado ni nyembamba. Na wanaokatwa huko mtaani kwa wembe na kisu kile kilichopinda nimewapokea wakivuja damu, nimewapokea wana usaha, wengine ni watoto wa miezi. Nakuomba usilisambaze hilo.

Ila kwa watoto kuna jambo la kweli karibu na hilo. Mtoto anayekoroma kila usiku, anapumua kwa mdomo, anatoka jasho, anakojoa kitandani wakati alishaacha, shuleni hasikii mara nyingi ana nyama za pua au mafindofindo yamevimba, na hao tiba ya kwanza huwa ni upasuaji wa kuyatoa, hospitalini, sio mashine. Mpelekeni kwa daktari wa koo.

Mama Wawili #10

Dada Nesi umenigusa, wa kwangu wa pili ana miaka sita ni hivyohivyo kukojoa. Kumbe nimeleta shida ya baba naondoka na ya mtoto.

Na @Mshuka Kitonga hiyo bei ya PM mbona hujajibu, au umeanza biashara.

Pweza Mkavu #11

Hahaha hakuna uzi wa afya humu usio na "njoo PM". Weka bei hadharani mwamba.

Mshuka Kitonga #12

Sawa sawa nimekoma. Mimi nilinunua mpya pamoja na maski, ilinitoka hela ya bodaboda iliyotumika lakini bado nzima. Bima yangu walisema hiyo ni starehe. Nikawauliza na mimi nikilala Mikumi mara ya pili itakuwa starehe ya nani, wakakata simu. Nililipa kwa mafungu matatu, bosi alinikopesha maana naye aliona ile video akaogopa kuhusu gari lake zaidi kuliko mimi, sawa tu.

Bei zinatofautiana sana kwaiyo ulizeni sehemu zaidi ya moja, na muulize kabla hamjatoa hela kama maski ikikukataa wanabadilisha. Hilo swali lingeniokoa wiki mbili.

Bin Likoni #13

Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, nimeipata hii mashine tangu mwaka jana lakini nina ndevu na sitaki kuzinyoa. Ile maski kubwa yavuja pande zote usiku kucha, yapiga firimbi, mke wangu asema afadhali nilivyokuwa nikikoroma. Kuna mwenye dawa?

Mshuka Kitonga #14

Waaleikum salaam Sheikh. Hama kwenda hiyo ya vijipira vya puani, haigusi ndevu kabisa, inaishia chini ya pua. Ila kama unalala mdomo wazi hewa itatokea mdomoni, hapo kuna mkanda wa kushikilia kidevu, wengine unawafaa wengine hauwafai.

Boksi la Texas #15

Salamu toka huku kwa Trump. Na mimi nasukuma lori, Texas kwenda California, na mimi ni mgonjwa wa sipapu mwaka wa sita.

Huku daktari anayekupima kwa ajili ya cheti cha udereva akiona shingo nene na presha anakutuma ukapimwe usingizi, na ukikutwa nayo anataka aone rekodi kwamba unaitumia ndo akusainie. Mashine ina laini ya simu ndani inatuma ripoti yenyewe, umevaa masaa mangapi, imevuja kiasi gani, pumzi imekatika mara ngapi. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha bima ya serikali ya wazee, angalau masaa 4 kwa usiku, asilimia 70 ya siku ndani ya siku 30. Usipofikisha mwanzoni bima inaacha kulipia. Mwanzo nilichukia nikaona ni polisi wa chumbani, lakini hiyo masaa 4 ndo ilinilazimisha nisikate tamaa.

Tahadhari kwa wanaonunua mtumba: Juni 2021 Philips walirudisha kiwandani mamilioni ya mashine zao, yale ma-DreamStation ya toleo la kwanza na nyingine, sababu sponji ya kuzuia kelele ilikuwa inachakaa na vipande na kemikali vinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Nyingine najua zilisafirishwa kama mtumba. Ukiuziwa ya bei chee angalia namba ya nyuma ulinganishe mtandaoni kabla hujavuta hewa yake.

Na kwa wenye unene, Disemba 2024 huku wameruhusu sindano ya kupunguza uzito, Zepbound, itumike kwa apnia ya kati na kali kwa watu wanene. Sio badala ya mashine kesho asubuhi, uzito unashuka kwa miezi.

Fundi Jua #16

Mimi ni fundi wa sola, sina ugonjwa ila mteja wangu mmoja anao na nimemfungia. Nataka kuuliza mleta uzi, kwenye lori unapata wapi umeme? Na wewe wa Texas usijibu, nyie mna friji humo ndani.

Mshuka Kitonga #17

Fundi hilo ndo swali nilikuwa nalisubiri.

Mashine yangu inakula volti 24 moja kwa moja na lori ni 24, nilifikiri ni bahati nikataka kukata nyaya nichomeke. Fundi umeme wa magari akanizuia, akasema gari likiwa linawaka umeme hautulii kwenye 24, unapanda mpaka 28, utaunguza. Nikanunua kile kibadilishi chake cha kwenye gari kinachochomekwa kwenye kiberiti cha sigara. Mashine za kampuni nyingine ni volti 12, angalieni kibandiko chini ya mashine kabla hujachomeka chochote.

Usiku nazima gari naendesha kwa betri, nazima tangi la maji la kupasha hewa, lile linaloitia unyevu pua isikauke, maana hilo ndo linakunywa umeme. Asubuhi gari linawaka vizuri tu, miezi 14 sijawahi kusukumwa.

Makambako na Mafinga ni baridi nyie mnajua, nilikuwa nikiwasha tangi mvuke unapoa unageuka maji kwenye mpira wa hewa yanashuka puani usiku, unaamka unadhani unazama ziwani. Mpira niliuvisha soksi ndefu za mpira, zile za timu ya mtaa, zimeungwa tatu. Dogo alinicheka lakini maji yaliisha.

Fundi Jua #18

Sahihi kabisa na hongera kwa fundi wako. Niongezee hapo, kuna watu wenye mashine ya volti 12 wanachukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili za lori. Msifanye hivyo, hiyo moja inachoka nyingine inazidishiwa chaji, mwisho unaua zote mbili. Tumia kishusha volti kutoka 24 kwenda 12 kwenye betri zote.

Kwa nyumbani kwenye kukatikakatika, hesabu ni rahisi. Mashine bila tangi la kupasha inakula kama wati 30 na mara nyingi chini ya hapo, masaa 8 ni wati saa 240. Betri ya 12 ya sola ya 100Ah ina wati saa 1200, tumia nusu tu usiiue, inabaki 600. Umelala siku mbili bila umeme wala jua. Ukiwasha tangi wati zinaweza kwenda mpaka 90 na hiyo hesabu inakufa usiku wa kwanza. Na usitumie betri ya gari ya kawaida, sio ya kazi hiyo. Kama unaweza, achana na inveta, chomeka moja kwa moja kwa kibadilishi chake maana inveta nayo inakula.

Kijana wa Tandale #19

Nimefuta chai yangu. Mkuu hayo maji ya kwenye tangi ni maji gani, ya bomba?

Mshuka Kitonga #20

Yale ya distildi yasiyo na chumvi. Maji ya bomba yanaacha ukoko mweupe kwenye tangi kama birika la chai. Na msije mkasikia distildi mkaenda sheli mkanunua maji ya betri, mimi nilitaka kufanya hivyo, muuzaji akanitolea dumu moja kumbe ni la asidi ya betri. Nunueni famasi. Ukikosa kabisa, lala nayo kavu, hufi, pua tu itakauka.

Usafi: maski naosha kila asubuhi kwa maji na sabuni ya kawaida kidogo, mpira na tangi mara moja kwa wiki, nakausha kivulini. Msitie jiki wala dettol, utavuta harufu hiyo usiku kucha. Filta kitabu kinasema kwa mwezi lakini vumbi letu hili, nikikuta barabara inatengenezwa wiki mbili tu filta nyeusi tii.

Msomi wa Bure #21

Kidogo historia kwa wasiojua. Hii kitu aliibuni daktari Colin Sullivan, Sydney Australia, mwaka 1980, akaichapisha kwenye jarida la Lancet 1981. Kabla ya hapo mgonjwa mwenye hali kali tiba ya maana ilikuwa kutobolewa koo apumulie shingoni. Mgonjwa wake wa kwanza hakutaka kutobolewa, ndo daktari akamwambia basi tujaribu kukupulizia hewa puani. Zile mashine za mwanzo zilikuwa na mota kama za kufyonzea vumbi, kelele mtindo mmoja, na maski inagundishwa usoni kwa gundi kila usiku. Kwaiyo wewe unayelalamikia mkanda shukuru.

Simba Mzee wa Singida #22

Marahaba Nesi. Nimesoma uzi wote tangu jana. Nina miaka 67, presha ninayo, kukojoa usiku ninako, na bibi aliniambia siku nyingi kwamba huwa nanyamaza katikati ya kukoroma, nikamwambia nanyamaza ili asikie anavyoongea. Naomba kujua naanzia wapi, kimeo sina tena cha kukata.

Nesi wa Zamu #23

Babu umeniua 😂 Anza hivi: bibi akurekodi kama yule utingo alivyofanya, dakika kumi, chumba kiwe na mwanga kidogo kifua kionekane. Nenda nayo kwa daktari wa pua masikio na koo au wa mapafu wa hospitali ya rufaa, mwambie neno apnia ya usingizi wewe mwenyewe usisubiri aliseme. Orodha ya vidonge vyote unavyomeza nenda nayo. Mpaka upimwe lala ubavu usilale chali, mto mgongoni, na pombe ya jioni iache.

Boksi la Texas #24

Hapo kwa kulala ubavu kuna mbinu ya zamani, mpira wa tenisi unashonewa mgongoni kwenye fulana, ukigeuka chali unakuumiza unarudi. Kwa mwenye ndogo inasaidia kweli. Kwa AHI 52 ni sawa na kushika breki kwa kandambili.

Mama Wawili #25

Wapendwa nimerudi, wiki tatu zimepita. Mtoto wa pili kaonekana ana nyama za pua, amepangiwa upasuaji mwezi ujao. Mume wangu kapima, AHI 39. Mashine tumepata, hataki. Kavaa siku mbili anasema anabanwa, anasema mwanaume gani analala na mpira puani kama yuko ICU, imewekwa juu ya kabati. Nimemsomea huu uzi anasema hao ni watu wa mtandaoni.

Mshuka Kitonga #26

Muulize maski ni aina gani na inambana wapi, juu ya pua au mashavuni. Alafu usibishane nae. Mimi nimeshusha mzigo leo Kibaha, narudi kupanda kesho kutwa, nipe namba yake nimpigie nikiwa nimepaki Ruaha Mbuyuni jioni, tutaongea kidereva. Namba njoo PM.

Pweza Mkavu #27

Hii PM ndo ya halali sasa.